Mto Bronx: Wakazi wa Mji Waurudia Mto Wao

Miji mingi duniani ilizaliwa kando ya mito. Katika mto mmoja mji ulipata maji ya kunywa, njia ya kupitishia vyombo, nguvu ya kuzungushia vinu, na mahali pa kutupia taka. Kati ya mambo hayo manne, la mwisho ndilo lililoyaua matatu ya kwanza. Mji ulipokuwa mdogo, mto uliweza kuzimeng'enya taka zake bila shida. Mji ulipokua, taka zilizidi uwezo huo, na wakazi, badala ya kuziondoa taka, waliuondoa mto machoni pao. Waliujengea kuta, wakapitisha reli na barabara kingoni mwake, wakazigeuza nyumba zao zielekee upande mwingine.

Makala haya yanaeleza habari za mto mmoja mdogo uliopatwa na hayo yote, nao ni Mto Bronx, unaopita katika mji wa New York, Marekani. Huenda msomaji akauliza kwa nini aelezwe habari za mto wa mbali ilhali mto wa mjini kwake unanuka. Sababu ni kwamba kazi ya kuufufua Mto Bronx ilianzishwa na wananchi wenyewe mnamo mwaka 1974, ikaendelezwa na wakazi wa mitaa ya watu maskini, na haijakoma. Muda huo wa zaidi ya miaka 50 unatosha kuonyesha ni jambo gani liliwezekana kwa mikono ya watu, na ni jambo gani liliishinda mikono hiyo hata likahitaji vipimo vya sayansi na nguvu ya sheria.

Mto na vinu vyake

Mto Bronx una urefu wa kilometa 37 hivi. Huanzia kaskazini ya mji, katika wilaya ya Westchester, na kilometa zake 13 za mwisho hupita ndani ya Bronx, mojawapo ya sehemu tano za utawala za New York, hadi kuingia katika East River. Ingawa New York imezungukwa na maji pande nyingi, Bronx ndio mto wake pekee wa maji baridi kwa maana kamili ya neno hilo. East River, licha ya jina lake, ni mlangobahari unaojaa na kupwa. Na Mto Hudson, unapofika mjini, umekwisha kuchanganyika na maji ya chumvi.

Wenyeji wa asili wa nchi hiyo waliuita mto huu Aquahung. Mnamo mwaka 1639 mlowezi aitwaye Jonas Bronck alifungua shamba karibu na hapo. Mto ukapewa jina lake, na baadaye sehemu nzima ya mji ikaitwa kwa jina la mto. Walowezi wa mwanzo walivutwa na ngozi za biva, mnyama mwenye meno ya kukatia miti na mkia mpana kama kasia, ambaye huziba vijito kwa matawi na tope ili apate kidimbwi cha kuishi. Biashara hiyo ilikuwa kubwa kiasi kwamba nembo ya mji wa New York hadi leo ina picha za biva pamoja na mapipa ya unga. Biva wenyewe waliwindwa wakaisha.

Baada ya biva yalikuja mapipa ya unga. Mto unaoteremka kwa kasi ni mashine iliyo tayari: ukizibwa kwa ukuta, maji huinuka, na yanapoanguka huzungusha gurudumu. Katika karne ya 18 na ya 19 vinu vilisimama kimoja baada ya kingine kando ya Mto Bronx, vikisaga nafaka, vikitengeneza karatasi, na hata kusaga ugoro. Jengo la mawe la kinu cha ugoro cha ukoo wa Lorillard, lililojengwa mnamo mwaka 1840, lingali limesimama ndani ya Bustani ya Mimea ya New York, na maji yangali yakipita chini ya madirisha yake. Kuta za kuzuia maji zilizojengwa kwa ajili ya vinu nazo zilibaki hata vinu vilipokufa. Msomaji azikumbuke kuta hizo, kwani zitarudi katika habari za samaki.

Reli ilifika bondeni katika miaka ya 1840, na viwanda vikaifuata. Kufikia mwisho wa karne hiyo mto ulikuwa mfereji wa maji machafu. Mwanzoni mwa karne ya 20 serikali ilisafisha sehemu ya juu ya bonde na kujenga humo barabara yenye bustani kandokando, iliyokamilika mwaka 1925. Wakati huohuo bwawa kubwa la Kensico, lililokamilika mwaka 1917 kwa ajili ya maji ya kunywa ya mji, lilizuia maji ya chanzo cha mto. Upande wa kusini, ambako wafanyakazi na wahamiaji walikuwa wakiishi, hapakuwa na bustani. Huko vilijengwa viwanda vya saruji na majaa ya vyuma chakavu, na baada ya Vita Kuu ya Pili zikaja barabara kuu. Barabara ya Cross Bronx, iliyojengwa kati ya mwaka 1948 na 1972, iliibomoa mitaa mizima. Nyingine, ya Sheridan, ilipita karibu kabisa na ukingo wa mto. Kufikia miaka ya 1970 watu wa Bronx ya kusini walikuwa wakiziona nyumba zao zikiteketea kwa moto mtaa baada ya mtaa, nyingine zikichomwa kwa makusudi. Katika hali kama hiyo, ni nani angeufikiria mto?

Kufa kwa mto maana yake nini

Kabla ya kuendelea yafaa lieleweke neno linalotumiwa mara nyingi bila kupimwa. Husemwa kwamba mto "umekufa". Mto si kiumbe. Kinachokufa ni viumbe waliomo ndani yake, na aghalabu hufa kwa kukosa hewa.

Samaki hupumua oksijeni iliyoyeyuka majini. Kiasi hicho ni kidogo sana. Katika maji baridi yenye halijoto ya nyuzi 20 za Selsiasi, kwenye usawa wa bahari, lita moja haiwezi kushika zaidi ya miligramu 9.1 za oksijeni itokayo hewani. Samaki walio wengi huanza kutaabika kiasi hicho kinaposhuka chini ya miligramu 5. Kwa hiyo akiba ya kutumia ni miligramu nne tu kwa kila lita.

Maji taka yanapoingizwa mtoni, bakteria huanza kuyala mabaki ya vyakula na kinyesi yaliyomo. Bakteria hao nao hupumua. Kadiri chakula kinavyokuwa kingi ndivyo wanavyozaana na kutumia oksijeni, na akiba ile ndogo huisha upesi kuliko hewa inavyoweza kuirudisha. Ajabu ni kwamba mahali pabaya zaidi mara nyingi si pale bomba linapomwaga, bali ni mbele kidogo upande wa chini, ambako bakteria wamekwisha kupata muda wa kuongezeka. Mwanafunzi anayepima maji mdomoni mwa bomba peke yake anaweza kudanganyika. Oksijeni ikiisha kabisa, bakteria wa aina nyingine, wasiohitaji oksijeni, hushika kazi, na ndio watoao gesi ya haidrojeni salfaidi yenye harufu ya mayai mabovu.

Halijoto nayo ina neno katika jambo hili. Maji ya nyuzi 0 huweza kushika miligramu 14.6 za oksijeni kwa lita. Ya nyuzi 30 hushika 7.6 tu. Wakati huohuo kasi ya bakteria huongezeka takriban mara mbili kwa kila ongezeko la nyuzi 10. Hivyo katika joto akiba hupungua na matumizi huzidi. Ndiyo sababu kiasi kilekile cha maji taka kinachovumilika katika mto wa New York wakati wa baridi kinaweza kuua samaki wote wa mto kama Msimbazi, Dar es Salaam. Nairobi, iliyo juu ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, ina nafuu ya ubaridi lakini hupoteza kwa njia nyingine: kanieneo ya hewa huko ni ndogo, na maji hushika oksijeni pungufu kwa karibu moja ya tano yakilinganishwa na maji ya halijoto hiyohiyo pwani.

Kutokana na maelezo hayo inafuata kwamba uchafu unaochukiza macho na uchafu unaoua si lazima uwe mmoja. Gari bovu lililozama mtoni ni aibu, na mafuta yake na risasi ya betri yake ni sumu; lakini bodi la chuma lenyewe halimnyimi samaki pumzi. Maji taka yaliyochanganyika vizuri na maji ya mto huweza yasionekane kabisa. Katika Mto Bronx vyote viwili vilikuwamo, na wakazi, kama ilivyo desturi ya wanadamu, walianza na kile walichokiona.

Watu wateremka mtoni

Mnamo mwaka 1974 mwanamke mmoja, Ruth Anderberg, akisaidiwa na Anthony Bouza aliyekuwa kamanda wa polisi wa Bronx, alianzisha chama cha kuurekebisha mto huo. Wanachama wake waliingia katika magugu na tope wakaanza kutoa magari, matairi na takataka za kila namna. Kazi hiyo iliendelea kwa miaka mingi, mara kwa nguvu, mara kwa kulegea. Wapo waliowacheka, kwa kuwa kilichotolewa Jumamosi kiliweza kurudishwa na wengine kabla ya Jumamosi iliyofuata.

Waliocheka hawakuona faida moja iliyojificha. Mtu aliyevuta tairi kutoka katika tope huujua mto kwa namna asiyoweza kuijua mtu anayeupita darajani ndani ya gari. Hujua maji yanatoka wapi, bomba lipi linamwaga usiku, mahali gani panafikika na mahali gani pamezibwa kwa ua wa kiwanda. Maarifa ya namna hiyo hayamo katika ramani za idara yoyote.

Miaka ya 1990 ilileta kizazi kipya. Mnamo mwaka 1994 Alexie Torres-Fleming, mzaliwa wa mtaa ulio karibu na mto, alianzisha kikundi cha vijana cha Youth Ministries for Peace and Justice. Vijana wake walikielekeza macho yao kwenye kiwanda cha zege kilichofanya kazi ukingoni kuanzia 1945 hadi 1987 kisha kikaachwa kiwe jaa. Ardhi hiyo ilikuwa imekusudiwa kuuzwa. Walidai iwe bustani, wakapinga mnada, na mwaka 2000 ikakabidhiwa idara ya bustani ya mji. Ilifunguliwa mwaka 2009. Matangi marefu ya saruji hayakubomolewa. Yalipakwa rangi yakaachwa yasimame kama kumbukumbu, na chini yake, tangu mwaka 2017, imepandwa miti ya matunda na mimea ya dawa ambayo wapitao wanaruhusiwa kuichuma. Katika bustani nyingine za New York kuchuma mimea ni kosa.

Kusini zaidi, huko Hunts Point, penye masoko makubwa ya vyakula na malori yasiyohesabika, mkazi wa mtaa huo aitwaye Majora Carter alikuwa akitembea na mbwa wake mwishoni mwa miaka hiyo. Mbwa alimvuta kupita katika jaa la taka, na mwishowe wakatokea ukingoni mwa mto. Alikuwa amekulia hapo karibu bila kujua kwamba mto unafikika. Kwa msaada wa dola 10,000 kutoka Idara ya Misitu ya Marekani, yeye na majirani walianza kulisafisha eneo hilo. Kiasi hicho kidogo kilivuta fedha nyingine nyingi, na mwaka 2007 bustani kamili ilifunguliwa. Kisa cha mbwa kimesimuliwa mara nyingi hata kinaanza kufanana na hekaya, lakini kiini chake ni cha kweli na ni kizito: watoto walizaliwa na kukua hatua chache kutoka mtoni wasiuone.

Mpira wa dhahabu na mitumbwi

Mnamo mwaka 1997 vyama, shule, makampuni na idara za serikali, zaidi ya 60 kwa jumla, viliungana katika kikundi kimoja cha kazi. Kutokana na muungano huo ulizaliwa, mwaka 2001, umoja uitwao Bronx River Alliance. Ugumu wao wa kwanza haukuwa fedha. Mto ulikuwa umekatwa vipandevipande katika fikira za watu. Wale wa kaskazini waliujua kama kijito cha bustani, wageni waliuona ndani ya Bustani ya Wanyama wakidhani ni sehemu ya maonyesho, na wale wa kusini waliujua kama uchochoro nyuma ya viwanda. Ni nani angewaeleza kwamba wote wanazungumzia mto mmoja?

Jibu lilikuwa sherehe. Mwaka 1999 mpira mkubwa wenye rangi ya dhahabu uliwekwa juu ya maji na kuteremshwa kufuata mkondo, na watu wa mitaa mbalimbali wakajitokeza kuupokea ulipopita kwao. Mwanasayansi mkali anaweza kuyaona mambo kama hayo kuwa mchezo wa watoto. Hata hivyo mpira ule ulifanya kazi ileile inayofanywa na rangi ambayo wataalamu wa haidrolojia humwaga mtoni ili wafuate mkondo wake: ulionyesha kwamba kinachoingia juu hufika chini. Tofauti ni kwamba walioonyeshwa walikuwa maelfu, tena wengi wao hawakuwa wamefungua kitabu cha haidrolojia maishani.

Tangu hapo umekuwapo msafara wa mitumbwi kuuteremka mto. Pamoja na hayo chama cha Rocking the Boat, kilichoanza mwaka 1996, hufundisha vijana wa shule za sekondari kuunda mashua za mbao kwa mikono yao na kisha kuzipiga makasia mtoni. Hisabati ya ubavu wa mashua hujifunzwa kwa randa na bisibisi, na mashua zikiisha kuundwa hutumika kubeba vyombo vya kupimia maji. Hapo sherehe na utafiti hukutana.

Samaki, biva na chaza

Mnamo Februari 2007 wanabiolojia wa Bustani ya Wanyama walimpiga picha biva akiogelea katika Mto Bronx. Alikuwa wa kwanza kuonekana ndani ya New York baada ya miaka ipatayo 200. Aliitwa José, kwa heshima ya José Serrano, mbunge wa Bronx aliyekuwa amepigania fedha za serikali kuu kwa ajili ya mto. Mwenzake alipoonekana mwaka 2010, umma uliombwa kupiga kura ya jina, ukachagua Justin, kwa kucheza na jina la kijana mwimbaji aliyekuwa mashuhuri wakati huo. Kura za umma zina hatari zake.

Habari za biva zilienea duniani, na wengi wakahitimisha kwamba maji yamekuwa safi. Hitimisho hilo halikuwa sahihi. Biva hupumua hewa ya kawaida na hula maganda ya miti. Kuwapo kwake kunathibitisha kwamba kingo zimepata miti na utulivu. Juu ya oksijeni ya majini hasemi mengi. Kila kiumbe ni shahidi wa jambo lake, na hapana budi shahidi aulizwe lile alilolishuhudia.

Samaki ndiye shahidi wa maji. Zamani samaki wa jamii ya heringi waitwao alewife, ambao ni jamaa wa mbali wa dagaa papa wa Bahari ya Hindi, walikuwa wakiingia mtoni kila majira ya machipuko ili kutaga. Samaki hawa huanguliwa katika maji baridi, hushuka baharini wakiwa wachanga, na baada ya miaka mitatu au minne hurudi katika mto walikozaliwa. Kuta za vinu ziliwakatia njia. Mwaka 2006 wataalamu waliwachukua samaki wapatao 200 waliokomaa kutoka kijito cha jimbo la Connecticut, wakawaachilia katika Mto Bronx juu ya kuta hizo ili watage. Kisha ikabaki kungoja. Mwaka 2009, miaka mitatu baadaye, alewife walionekana wakipanda kutoka baharini.

Walipanda hadi kwenye ukuta wa kwanza, ule wa barabara ya 182, wakakwama. Ndipo ilipojengwa ngazi ya samaki, yaani mfereji wenye vizuizi vingi unaopunguza kasi ya maji ili samaki apande hatua kwa hatua. Ilikuwa tayari katikati ya muongo wa 2010. Swali lililoulizwa na wengi ni kwa nini ukuta wenyewe usibomolewe, ikiwa kinu kimekwisha kufa. Jibu ni kwamba nyuma ya ukuta mzee hulala tope la miaka mia na zaidi, pamoja na sumu zote zilizomwagwa enzi za viwanda. Ukuta ukivunjwa ghafula, tope hilo hushuka lote.

Mlangoni mwa mto, mahali paitwapo Soundview, yamewekwa makombe ili chaza wapate pa kushikamana. Chaza hula kwa kuchuja. Mmoja aliyekomaa, akipata hali nzuri, huweza kuchuja lita 190 za maji kwa siku. Ni vema isisahauliwe kwamba chaza wa mahali hapo hawaliwi. Kile wanachokichuja hukaa ndani yao.

Uchafu usioonekana

Kwa kazi yote hiyo, mvua ikinyesha Mto Bronx hurudi kuwa mchafu. Chanzo ni namna mabomba ya mji yalivyotandazwa. Katika sehemu ipatayo asilimia 60 ya New York, maji ya chooni na maji ya mvua hupita katika bomba moja kwenda mtambo wa kusafishia. Siku kavu mpango huo hufanya kazi vizuri. Mvua ikinyesha, bomba hujaa kupita kiasi ambacho mtambo unaweza kupokea, na ili maji taka yasirudi ndani ya nyumba, ziada humwagwa mtoni kupitia matundu yaliyowekwa makusudi. Waliojenga hawakukosea kwa viwango vya wakati wao. Bomba moja lilikuwa nafuu kuliko mawili, na mji ulikuwa na udongo wazi mwingi wa kunywa mvua.

Hapa ndipo mikono ya wakazi iliposhindwa. Tairi linaweza kuvutwa kwa kamba, lakini bakteria hawavutwi. Kilichobaki ni kupima na kudai. Watu wa kujitolea huchukua sampuli na kuhesabu bakteria wa kundi la enterokoki, ambao huishi katika matumbo ya watu na wanyama, na hivyo huonyesha kuwapo kwa kinyesi. Katika miaka ya 2000 Mwanasheria Mkuu wa jimbo aliingia katika jambo hilo, akazibana manispaa za upande wa juu wa mto ambazo mabomba yake ya maji ya mvua yalikuwa yakipitisha pia maji ya chooni. Bila watu ukingoni, ni vigumu kuona ni nani angekwenda kulalamika.

Kwa mabomba ya mji wenyewe, njia zinazotumika ni mbili: kuongeza uwezo wa mabomba na mitambo, jambo lenye gharama kubwa mno, na kuipunguza mvua kabla haijaingia bombani. Njia ya pili hutumia bustani ndogo kando ya barabara, zilizochimbwa chini ya usawa wa lami ili maji yazame ardhini. Bustani moja hainywi kitu cha kutajwa. Ikiwa elfu kadhaa, hesabu hubadilika. Barabara ya Sheridan nayo, iliyowatenga watu na mto kwa zaidi ya miaka 50, ilipunguzwa mwaka 2019 ikawa barabara ya kawaida yenye njia za kuvukia kwa miguu. Na mwaka 2023 kipande kipya cha bustani ya Starlight, pamoja na daraja lake la waendao kwa miguu, kiliiunganisha bustani hiyo na ile ya kiwanda cha zege. Mtu aweza sasa kutembea kingoni mahali ambapo Ruth Anderberg na wenzake walitambaa katika magugu. Hashauriwi kuogelea.

Kipimo cha kufanywa darasani

Mahitaji ya oksijeni ya maji machafu yanaweza kulinganishwa kwa vifaa vichache. Zichukuliwe chupa tatu ndogo za kioo zenye vifuniko vinavyoziba sawasawa. Ya kwanza ijazwe maji ya bomba yaliyoachwa wazi siku moja ili klorini itoke. Ya pili, maji ya mto kutoka juu ya mji. Ya tatu, maji ya mto huohuo yaliyochukuliwa chini ya mji. Kila moja itiwe matone sawa ya bluu ya methilini, kiasi cha kuipa rangi nyepesi inayoonekana, kisha ijazwe hadi juu kabisa pasibaki povu la hewa, ifungwe, na kuwekwa gizani. Giza ni la lazima, kwa maana mimea midogo ya majini ikipata mwanga hutengeneza oksijeni na kuharibu kipimo.

Rangi hiyo hubaki bluu wakati oksijeni ingalipo, na hupotea bakteria wanapoimaliza. Chupa zikaguliwe asubuhi na jioni kwa siku tano, na saa ya kupotea kwa rangi iandikwe. Chupa inayopoteza rangi siku ya kwanza ina uchafu mwingi unaooza. Inayodumu siku tano ina nafuu. Kisha chupa iliyopoteza rangi ifunguliwe, imwagwe maji kidogo ili hewa ipate nafasi, ifungwe tena na kutikiswa kwa nguvu. Wanafunzi waeleze kwa nini bluu hurudi. Waeleze pia ni matokeo gani yangetarajiwa kama sampuli ya tatu ingechukuliwa siku moja baada ya mvua kubwa, na kama jibu lingekuwa lilelile katika mji ambao nyumba zake nyingi zina vyoo vya shimo badala ya mabomba.

Anayechota maji avae glavu au, zikikosekana, atumie kikopo kilichofungwa kwenye fimbo ndefu, na wote wanawe kwa sabuni. Sampuli zikiisha kazi zimwagwe chooni.